Kuiandaa Piano ya Jukwaani, Kuanzia Soketi ya Umeme hadi Wimbo wa Kwanza

Kila zinapokaribia Pasaka na Krismasi, na tena katika miezi ya harusi, hupokea maswali yaleyale kutoka kwa vijana wanaopigia kwaya na bendi. Mbona piano niliyonunua haitoi sauti? Mbona nikiwa nyumbani na hedifoni inalia kama piano ya kweli, lakini ukumbini inalia kama kopo? Mbona pedali inafanya kazi kinyume? Nimeyajibu maswali haya kwa simu mara nyingi, mara nyingine zikiwa zimebaki dakika chache ibada ianze, nikaona ni heri niyaandike kwa utaratibu, ili anayeanza ayafuate akiwa ametulia nyumbani kwake kabla ya siku yenyewe kufika.

Ninaposema piano ya jukwaani nina maana ya piano ya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya kupigwa mbele ya watu, kama vile Yamaha CP88, Roland RD-2000, Nord Stage au Kawai MP11SE. Inatofautiana na kinanda cha kawaida chenye midundo ya kuambatana kwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni vibao vyake, ambavyo kwa kawaida ni 88 na vina uzito unaoiga nyundo za piano ya nyuzi. La pili, ambalo ndilo linalowashangaza wengi, ni kwamba nyingi kati ya piano hizi hazina spika ndani. Hiyo si kasoro, wala hukuuziwa kitu kibovu. Mtengenezaji amechukulia kwamba jukwaani kuna miksa na spika kubwa, na desturi hiyo ni ya zamani: piano ya Rhodes ya miaka ya 1970 iliuzwa kwa namna mbili, moja iitwayo Suitcase iliyokuwa na amplifaya na spika zake, na nyingine iitwayo Stage ambayo ilisimama juu ya miguu minne bila spika yoyote, ikitegemea amplifaya ya nje.

Kwa hiyo ukinunua piano ya namna hii umenunua mwanzo wa njia tu. Sauti itapita katika kebo, kisanduku cha DI (kifaa kidogo kinachoiandaa sauti ya ala isafiri mbali hadi kwenye miksa bila mvumo), miksa, amplifaya na spika kabla ya kumfikia msikilizaji, na karibu matatizo yote ninayoulizwa yamo ndani ya njia hiyo, si ndani ya piano. Anayeanza hutumia fedha zake zote kwenye piano, kisha njia nzima iliyobaki akaiacha mikononi mwa watu asiowajua. Ningependa uimiliki sehemu ya njia hiyo wewe mwenyewe, angalau mpaka pale inapoingia kwenye miksa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Piano yenyewe pamoja na waya wake wa umeme au adapta yake ya asili.
- Kebo mbili za jeki kubwa ya milimita 6.35, za aina inayotumika kwa gitaa na vinanda, zenye urefu wa mita 3 hadi 5, na ya tatu ya akiba.
- Kisanduku cha DI, kimoja chenye njia mbili au viwili vya njia moja. Hiki ndicho kifaa ambacho wanaoanza hawanacho, nacho ndicho ningekununulia kwanza kama ningekuwa na uwezo.
- Pedali ya kuendeleza sauti, ikiwezekana ile iliyokuja na piano au inayotajwa katika kitabu cha maelekezo.
- Stendi imara na kiti kinachoweza kupandishwa na kushushwa.
- Ekstensheni ya umeme yenye waya wa ardhi, na stabilaiza au UPS ndogo ya kompyuta.
- Hedifoni za waya.
- Utepe wa kitambaa wenye gundi wa kubandikia waya sakafuni, tochi ndogo, na kitambaa cha kufunika piano.

Kuhusu kebo nina jambo moja la kuongeza. Kebo ya spika na kebo ya ala hufanana kwa macho, kwani zote zinaweza kuwa na jeki ileile, lakini ya ala ina wavu wa shaba unaouzunguka waya wa ndani ili kuzuia mvumo, na ya spika haina wavu huo. Ukitumia ya spika utasikia mvumo wa umeme usiku kucha. Soma maandishi yaliyo kwenye ganda la kebo kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha umeme

Geuza piano au adapta yake, utafute kibandiko kinachoeleza volti. Katika Afrika Mashariki umeme wa soketi ni kati ya volti 220 na 240. Kibandiko kikisema 100–240V, huna wasiwasi. Kikisema 120V, piano hiyo ilitengenezewa soko la Marekani, na kikisema 100V, ilitengenezewa Japani. Katika hali zote mbili utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na usiichomeke hata kwa sekunde moja bila transfoma hiyo. Nimemshuhudia mwenzangu akifungua boksi la piano aliyotumiwa na ndugu yake aliyeko ng'ambo, akabadilisha plagi tu ili iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu, akawasha, na ukumbi mzima ukanuka moshi kabla hajagusa kibao kimoja. Plagi kuingia kwenye soketi hakumaanishi kwamba umeme unafaa.

Tahadhari nyingine inahusu adapta. Adapta mbili zinaweza kuwa na volti 12 zote mbili na ncha yenye ukubwa uleule, lakini moja ikawa na chanya katikati na nyingine hasi. Mchoro mdogo wa duara ulio kwenye adapta unaonyesha hilo, na sharti ulingane na mchoro ulio kwenye piano. Ikiwa haulingani, usijaribu.

Hatua ya 2: Iandae piano ukiwa nyumbani

Kazi hii huchukua jioni nzima, na ndiyo inayotofautisha mpiga piano anayeaminika na yule anayehangaika na vitufe mbele ya bibi harusi. Vaa hedifoni, ufungue sehemu ya mipangilio, kisha ufanye mambo yafuatayo bila haraka.

Kwanza, rekebisha mguso. Karibu kila piano ya jukwaani hukuruhusu kuchagua kama vibao viitikie kidole chepesi au kizito. Piga wimbo unaoupenda kwa nguvu zako za kawaida. Ikiwa sauti inakuwa kali mno hata kwenye beti laini, chagua mguso mzito zaidi, na ikiwa unalazimika kugonga ndipo usikike, chagua mwepesi. Kumbuka kwamba jukwaani mtu hupiga kwa nguvu kuliko anavyopiga chumbani, hivyo usichague mguso mwepesi kupita kiasi.

Pili, tafuta kipengele cha kujizima. Piano nyingi za kisasa hujizima zenyewe zikikaa bila kupigwa, na zipo zinazofanya hivyo baada ya dakika 30. Mahubiri au hotuba za harusi hupita muda huo kwa urahisi, na ukiinuka kuanzisha wimbo unakuta kioo kiko giza na mipangilio ambayo hukuihifadhi imepotea. Zima kipengele hicho kabisa.

Tatu, panga sauti zako kwa mpangilio wa nyimbo. Usitegemee kuzitafuta siku hiyo katika orodha ya mamia ya sauti. Kama wimbo wa kwanza unahitaji piano peke yake, wa pili piano pamoja na vinubi (zile sauti za nyuzi zinazoandikwa Strings), na wa tatu ogani, zihifadhi katika nafasi ya 1, 2 na 3, ukiandika namba hizo kwenye daftari lako la nyimbo. Kila unapobadilisha kitu bonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha zima piano na uiwashe tena ili uone kama imehifadhi kweli. Piano ikiwa na nafasi ya USB, weka nakala kwenye fleshi.

Nne, angalia kiwango cha sauti kati ya nafasi na nafasi. Sauti ya ogani mara nyingi huwa kubwa kuliko ya piano, na vinubi vikichanganywa na piano kwa kiwango sawa huifunika kabisa. Shusha vinubi mpaka uwe unavihisi zaidi ya kuvisikia. Fundi mitambo hawezi kukufuata kila unapobadilisha sauti, kwa hiyo usawa huu ni kazi yako.

Kwa wapigaji wa kwaya zinazotumia sol-fa, jifunzeni kupiga katika do zote kabla ya kukimbilia kitufe cha kuhamisha funguo. Kitufe hicho husaidia mwimbaji anapoanzisha wimbo kwa sauti isiyotarajiwa, nami sikikatazi, lakini kimesababisha aibu nyingi: mpigaji anakipandisha kwa ajili ya wimbo mmoja, anasahau kukirudisha, na wimbo unaofuata piano inaingia nusu tani juu ya magitaa yote. Ukikitumia, kihifadhi ndani ya nafasi ya wimbo husika ili kirudi chenyewe unapohamia wimbo mwingine, kama piano yako inaruhusu.

Hatua ya 3: Chagua sauti inayofaa mfumo wa mono

Hapa ndipo penye jibu la swali la piano inayolia kama kopo, na nitakaa hapa kidogo.

Sauti ya piano iliyomo ndani ya chombo chako ilirekodiwa kwa maikrofoni zaidi ya moja, ili upande wa kushoto na wa kulia utofautiane kidogo na kukupa hisia ya kukaa mbele ya piano kubwa. Ukiwa na hedifoni pande hizo mbili zinabaki mbali, kila moja na sikio lake. Katika kumbi zetu nyingi, na katika makanisa mengi zaidi, miksa huwa imepangwa kwa mono, yaani pande zote mbili zinaunganishwa kuwa moja kabla ya kwenda kwenye spika. Kwa kuwa sauti ya kibao kilekile ilizifikia maikrofoni kwa nyakati zilizotofautiana kidogo sana, zinapounganishwa baadhi ya mawimbi hufutana, na kinachobaki ni piano nyembamba, iliyokondeana katikati, hasa kwenye vibao vinavyoimbiwa na sauti ya tatu na ya pili.

Tiba yake ni kumwuliza fundi mitambo mapema kama mfumo ni wa stirio (pande mbili zilizotengana) au mono. Ikiwa ni mono, chomeka kebo moja tu katika tundu lililoandikwa L/MONO, uache lile la kulia likiwa tupu. Kisha chagua sauti ya piano iliyoandaliwa kwa mono. Piano nyingi za jukwaani zina angalau moja, na baadhi ya za Nord zina kitufe cha mono cha kazi hiyo. Isikilize kupitia spika moja, si hedifoni. Nyumbani itakuonekea kavu na isiyovutia, lakini ukumbini itasimama imara katikati ya ngoma na besi. Mimi hata nikipewa mfumo wa stirio katika ukumbi mpana, mara nyingi huchagua mono, kwa sababu mgeni aliyekaa pembeni karibu na spika ya kushoto ana haki ya kusikia mkono wangu wa kulia.

Hatua ya 4: Weka piano mahali pake

Fika mapema, angalau saa moja na nusu kabla ya watu. Stendi yenye umbo la msalaba huyumba ikibeba piano ya vibao 88; kama ndiyo uliyonayo, chagua yenye nguzo mbili kila upande. Uzito wa piano hizi hutofautiana sana: Yamaha CP73 ina kilo 13.1, CP88 ina kilo 18.6, Roland RD-2000 ina kilo 21.7, na Kawai MP11SE inazidi kilo 30, hivyo soma uwezo wa stendi kabla ya kuipandishia mzigo. Kaa, weka vidole juu ya vibao, na upandishe au ushushe kiti mpaka viwiko viwe sawa na vibao.

Usikae mbele ya spika kubwa, na usikae mahali ambapo huwezi kumwona mwalimu wa kwaya au mpiga ngoma. Kama ni nje, usiiache piano kwenye jua. Plastiki yake hupata joto haraka. Na kwa wenzangu wa pwani, piano iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi ikaingia moja kwa moja kwenye joto lenye unyevu hutoka jasho ndani yake, kwa hiyo iache dakika 20 au 30 kabla ya kuiwasha.

Hatua ya 5: Pata umeme ulio safi

Omba umeme kutoka soketi ileile inayolisha miksa, au iliyo kwenye mstari mmoja nayo. Piano ikichukua umeme upande mmoja wa ukumbi na miksa ikachukua upande mwingine, mvumo hupatikana kwa urahisi. Usichangie ekstensheni na jokofu la vinywaji wala taa za kupambia ukumbi.

Panapotumika jenereta, usichomeke piano moja kwa moja. Volti za jenereta hupanda na kushuka kila mzigo unapobadilika, na wakati wa kuhama kutoka umeme wa kawaida kwenda jenereta kuna sekunde kadhaa za giza. Piano nyingi za jukwaani hutumia chini ya wati 50, kwa hiyo hata UPS ndogo ya kompyuta itaishikilia bila shida mpaka umeme urudi, nawe utaendelea na wimbo bila kusubiri piano iwake upya.

Hatua ya 6: Unganisha kila kitu kikiwa kimezimwa

Fuata mpangilio huu:

1. Hakikisha piano imezimwa na fundi mitambo amefunga njia yako kwenye miksa.
2. Chomeka pedali katika tundu lake. Usilichanganye na tundu la pedali ya kupandisha sauti.
3. Chomeka kebo ya jeki kutoka L/MONO ya piano hadi tundu la kuingilia la kisanduku cha DI. Kama ni stirio, fanya vivyo hivyo kwa upande wa kulia.
4. Kutoka kwenye DI, fundi ataunganisha kebo ya XLR (yenye ncha ya pini tatu, kama ya maikrofoni) hadi kwenye miksa.
5. Bandika waya zote sakafuni kwa utepe wa gundi, hasa zinapokatiza njia ya waimbaji.

Sababu ya kutumia DI ni umbali. Kebo ya jeki ikizidi mita 6 hivi huanza kuokota mvumo, wakati sauti iliyopita kwenye DI na kuingia katika XLR husafiri mita 30 na zaidi ikiwa safi. Kwa piano, DI isiyohitaji umeme inatosha kabisa, kwani piano hutoa sauti yenye nguvu ya kutosha. Kama piano yako ina matundu yake ya XLR, kama ilivyo CP88 na RD-2000, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye miksa, lakini mwombe fundi azime umeme wa volti 48 katika njia hiyo, kwa kuwa umeme huo ni wa maikrofoni, si wa piano.

Tahadhari kubwa kwa wenye piano ndogo zenye spika ndani na zisizo na tundu jingine la kutolea sauti isipokuwa la hedifoni, kama Yamaha P-45: tundu hilo ni la stirio. Ukilichomeka kwa kebo moja yenye pete mbili kwenye jeki hadi tundu la miksa lenye mizani (balanced), miksa itatoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, na utabaki na mabaki ya mwangwi bila piano. Tumia kebo inayogawanyika, jeki moja ya stirio upande wa piano na jeki mbili za mono upande wa DI.

Hatua ya 7: Washa kwa zamu

Piano huwashwa kwanza, kisha miksa, na amplifaya na spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Ukiwasha piano wakati spika ziko wazi, mshindo unaotoka unaweza kuziumiza, na hakika utawashtua wazee waliokwisha kaa.

Unapowasha usiwe umekanyaga pedali. Piano nyingi husoma hali ya pedali wakati wa kuwaka na kuichukulia kuwa ndiyo hali ya kupumzika, hivyo mguu uliotulia juu yake bila wewe kujua ndio huleta ile pedali inayofanya kazi kinyume.

Hatua ya 8: Panga kiwango cha sauti na fundi

Weka kitufe cha sauti cha piano kwenye robo tatu, ukiacha nafasi ya kupanda kidogo. Fundi akikuomba upige, usipige kwa vidole vya upole. Chagua nafasi yako yenye sauti kubwa kuliko zote na upige kama utakavyopiga kwenye kiitikio, kwa mikono miwili na pedali, kwa dakika nzima. Geini (kiwango cha sauti inayoingia kwenye miksa) ikipangwa kwa mpigo wa upole, utakapofika kwenye kiitikio sauti itapasuka, naye atalazimika kukushusha mbele ya watu na kukuacha chini mpaka mwisho.

Baada ya hapo usiguse tena kitufe cha sauti cha piano kwa lengo la kujisikia vizuri, kwani kila unachopandisha kwako kinapanda ukumbini pia. Kujisikia ni kazi ya monita, yaani spika inayomwelekea mpigaji. Omba monita iliyo karibu nawe, iuelekee uso wako, na ndani yake omba piano kwanza, mwimbaji kiongozi pili, na besi kidogo. Kama ukumbi hauna monita ya kutosha, beba spika yako ndogo yenye amplifaya ndani. Amplifaya ya gitaa haifai kwa kazi hii, kwa kuwa spika yake haitoi vizuri sauti za juu ambazo piano inazihitaji.

Hatua ya 9: Jipatie nafasi ndani ya bendi

Hili ni la kupiga zaidi kuliko la mitambo, lakini naliweka hapa kwa sababu mitambo haiwezi kulitibu. Ukiwa na mpiga besi, ondoa mkono wako wa kushoto kwenye vibao vya chini. Mkono wa kushoto uliozoea kupiga peke yake huendelea kunguruma palepale anapopita mwenye besi, na wote wawili mnapotea. Kwa upande wa ikwalaiza (vitufe vya kupunguza au kuongeza sauti za chini, kati na juu), omba sauti zilizo chini ya hezi 80 zikatwe, na kati ya hezi 200 na 400 zipunguzwe kidogo kama piano inasikika kama imefunikwa blanketi. Mwangwi uzime kabisa kwenye piano ukiwa katika kanisa lenye kuta za zege, kwani jengo lenyewe linatoa mwangwi wa kutosha. Ukiwa uwanjani, chini ya hema, unaweza kuongeza kiasi. Na uchague piano yenye sauti angavu unapopiga na bendi, uache ile laini na nzito kwa siku unayomsindikiza mwimbaji mmoja.

Kwa wapigaji wa taarab kuna jambo la ziada. Nyimbo zenye makamu (mipangilio ya tani ya muziki wa Kiarabu) zinazohitaji robo tani hazitapigika sawasawa kama piano haina uwezo wa kubadilisha mpangilio wa tani za kila kibao. Uliza kuhusu uwezo huo kabla ya kununua, kwani vinanda vilivyotengenezewa muziki wa Kiarabu vinao lakini si kila piano ya jukwaani inao.

Mambo yanapoharibika

Hakuna sauti kabisa. Chomeka hedifoni kwenye piano. Ukisikia sauti kwenye hedifoni, piano ni nzima, nawe fuata njia hatua moja baada ya nyingine: badilisha kebo ya jeki, kisha tundu la DI, kisha mwombe fundi abadilishe kebo ya XLR, kisha njia ya miksa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Usiposikia kitu hata kwenye hedifoni, angalia kitufe cha sauti, kisha pedali ya kupandisha sauti kama ipo, kisha kipengele kiitwacho LOCAL ndani ya mipangilio. Kikiwa OFF, vibao havizungumzi na sauti za ndani ya piano.

Mvumo usiokoma. Bonyeza kitufe cha GROUND au LIFT kilicho kwenye DI. Usipokoma, hamishia umeme wa piano kwenye soketi ya miksa. Ukitoweka pale unapochomoa kebo ya USB ya kompyuta, chanzo ni chaja ya kompyuta, nawe itumie kwa betri yake. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi ili kuua mvumo. Pini hiyo inalinda maisha yako unaposhika maikrofoni na piano kwa wakati mmoja.

Pedali inafanya kazi kinyume. Zima, toa mguu, washa. Ikiendelea, tafuta kitufe kidogo upande wa chini wa pedali, au kipengele cha pedali katika mipangilio, kwa kuwa watengenezaji hawakubaliani kuhusu mwelekeo wa swichi hiyo.

Sauti inapasuka. Uliza kama taa nyekundu ya njia yako inawaka kwenye miksa. Ikiwaka, geini ipunguzwe. Isipowaka, bonyeza kitufe cha PAD (cha kupunguza nguvu ya sauti) kwenye DI, na ikiwa bado, shusha piano kidogo.

Noti zinakatika wakati umekanyaga pedali. Kila chombo kina kikomo cha noti zinazoweza kulia pamoja, na ukichanganya piano na vinubi vya stirio unakitumia kikomo hicho kwa haraka. Ondoa safu moja, au inua pedali mara kwa mara zaidi.

Piano haipatani na wenzako. Angalia kwanza kitufe cha kuhamisha funguo. Kikiwa sifuri, angalia msingi wa tuni, ambao unapaswa kuwa A ya hezi 440. Kugusa kwa bahati mbaya kunaweza kuufikisha 442 au zaidi. Vyote viwili vikiwa sawa, waombe magitaa wafunge nyuzi zao kwa kufuata piano, kwa sababu piano ya umeme hailegei kwa joto kama nyuzi.

Kibao kimoja kinapiga kwa nguvu mno au hakilii. Mara nyingi ni vumbi kwenye migusano ya mpira iliyo chini ya vibao. Usimwage spirti wala mafuta juu yake. Kwa usiku huo, pandisha au shusha mkono kwa oktavo moja ili ukikwepe kibao hicho, na kesho yake umpelekee fundi anayejua kufungua vibao, umwambie asafishe mstari mzima, si kibao kimoja tu, kwa kuwa vumbi lililokifikia hicho limekwisha kuvifikia na jirani zake.